Mugyabuso Mulokozi na Jina la Utendi

Mfasiri anayelikuta neno epiki katika maandishi ya Ulaya huandika utenzi, kisha akasita. Husita kwa sababu utenzi, kwa kila aliyesomea ushairi wa Kiswahili, ni umbo kabla ya kuwa maana: ubeti wa mishororo minne mifupi, mizani minane kwa kila mshororo, mishororo mitatu ya mwanzo ikiwa na kina kimoja na wa nne ukiwa na kina kinachorudi ubeti hata ubeti mpaka mwisho. Utungo wa namna hiyo waweza kusimulia vita vya Herekali, kama alivyofanya Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Waweza pia kuwa wasia wa mama kwa binti yake, kama alivyotunga Mwana Kupona mwaka 1858. Zote mbili ni tenzi. Epiki ni jambo jingine. Ni utungo mrefu wa shujaa na matendo yake, uwe na vina au usiwe navyo. Basi mfasiri aliyeandika utenzi amempa msomaji umbo ambalo huenda matini ya asili haikuwa nalo kabisa. Aliyeandika utendi amekwepa tatizo hilo, lakini kwa kutegemea tofauti ambayo zamani haikuwapo, maana utendi na utenzi ni neno moja: Waamu hutamka hivi na Waunguja hutamka vile.

Makala haya yanafuata historia ya tofauti hiyo kwa kufuata kazi za mtu mmoja, Mugyabuso Mulokozi, mshairi na mwandishi wa hadithi aliyezaliwa mwaka 1950 katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wasomaji wengi wanamjua kwa tamthilia na hadithi zake za vijana. Wengine wanamjua kuwa mtafiti wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo aliwahi kuiongoza. Sisi tutamtazama zaidi kwa upande wa istilahi, kwa kuwa tunaona kwamba maneno aliyoyashughulikia kwa miaka mingi hayaeleweki vyema bila kukumbuka alikotoka.

Nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi ilikuwa na falme kadhaa: Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Bugabo, Ihangiro na nyinginezo. Muleba ya leo kwa sehemu kubwa ndiyo Ihangiro ya zamani. Kila ufalme ulikuwa na Mkama wake, na katika majumba ya Wakama walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuimba habari za wafalme, mashujaa na miungu kwa kufuatana na chombo kiitwacho enanga. Chombo hicho ni gogo lililochongwa mfano wa hori. Kamba moja ndefu hupitishwa juu yake kwenda na kurudi hata ikafanya nyuzi saba au nane. Mwimbaji hukaa chini, akapiga nyuzi kwa vidole na kusimulia kwa wimbo, na mara nyingine wapo wenzake wa kumpokea. Mamlaka ya watawala wa jadi yalipofutwa kisheria nchini Tanganyika mwaka 1963, nanga haikufa pamoja nayo. Ilikwisha kutoka ikuluni siku nyingi na kukaa penye arusi na penye rubisi, na katika karne ya 20 waimbaji kama Habibu Selemani walijulikana kotekote mkoani.

Hapo hapo mfasiri anapata tatizo lake la kwanza. Kwa mtu wa pwani, nanga ni kile chuma kinachotiwa baharini ili chombo kisichukuliwe na maji. Akisoma kwamba mzee fulani wa Kamachumu alikuwa fundi wa nanga, atadhani ni mhunzi wa majahazi. Je, tuseme zeze? Zeze la Waswahili lina shingo, na nyuzi zake ni chache. Tuseme kinubi? Waliofasiri Zaburi kwa Kiswahili walitumia kinubi na kinanda, na ndugu zetu Waganda katika Zaburi zao wakaandika ennanga. Lakini ennanga ya Waganda ni kinubi kweli, chenye shingo iliyopinda, wala si hori. Neno moja limevuka mto Kagera likabadilika chombo. Kwa maoni yetu, hapana njia ila kulichukua neno la wenyewe, kuliandika nanga, na kuliongezea sifa pale panapohitajika: nanga ya Kihaya. Kiswahili kina maneno mengi yenye maana mbili zisizojuana, nacho hakijapata kuzama kwa sababu hiyo.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu jina la kile kinachoimbwa. Kabla ya miaka ya 1970 walimu wetu walikuwa na vipimo viwili vya ushairi vilivyoheshimiwa kuliko vingine vyote. Shaaban Robert aliueleza ushairi kuwa ni sanaa ya vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi sharti liweze kuimbika. Vipimo hivi viwili vilichukuliwa kuwa ni kimoja, maana katika mashairi ya pwani vina, mizani na kuimbika huenda pamoja kama vidole vya mkono. Sasa chukua wimbo wa nanga. Unaimbwa tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hauna namna ya kuwapo ila kwa kuimbwa. Wala hauna vina vya kupangwa wala mizani ya kuhesabu silabi. Mshororo wake hupimwa kwa pumzi ya mwimbaji na mwendo wa nyuzi. Kwa kipimo cha Abedi ni ushairi mtupu. Kwa kipimo cha Shaaban si ushairi hata kidogo. Mtoto wa Bukoba au Muleba aliyefundishwa vipimo hivi darasani alikuwa akiambiwa, bila mwalimu kukusudia, kwamba yale aliyoyasikia arusini usiku uliopita hayana jina katika lugha ya taifa lake.

Tusiseme kwamba watu wa bara walikuwa nje ya ushairi wa Kiswahili. Amri Abedi mwenyewe alikuwa mtu wa Ujiji. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alitunga kwa sheria zote na akaongeza bahari zake. Lakini hao waliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa wakafuata taratibu za wenyeji. Kilichoonekana kigeni katika miaka ya 1970 ni kundi la vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliodai kwamba nyumba ipanuliwe. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi mwaka 1974. Mwaka 1976 Mulokozi na mwenzake Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu ambaye miaka mingi baadaye alikuwa mbunge wa Bukombe, walitoa diwani waliyoiita Malenga wa Bara.

Jina hilo lastahili kusomwa polepole. Malenga ni neno la pwani, nalo lilikwisha kukaa juu ya jalada la diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, mwaka 1971. Mji wa Mvita unajulikana kwa washairi wake. Hakuna aliyeuliza kwa nini una malenga. Kusema malenga wa bara kulikuwa ni kudai cheo. Hawakusema washairi chipukizi, wala hawakutafuta neno jipya la kujitenga. Walichukua neno lile lile la heshima wakalihamisha kutoka ufukoni kwa bahari hadi ndani ya nchi. Hatudhani kwamba kila shairi la diwani hiyo lina uzito wa jina lake, na baadhi yake yamefungwa sana na siasa za miaka ile; lakini jina lenyewe lilifanya kazi.

Mgogoro uliofuata umeelezwa na wengi, nasi hatutaurudia wote. Kwa upande mmoja walisimama watetezi wa vina na mizani, wengi wao wakiwa watunzi hodari wenye kujua mambo yaliyosahauliwa na vijana. Kwa upande wa pili walisimama wale waliosema kuwa sheria zilizochukuliwa kuwa za milele ni za wakati na mahali. Mulokozi alikuwa miongoni mwa waliotoa hoja za upande huu kwa maandishi katikati ya miaka ya 1970, akiutazama ushairi kama kitu chenye historia na chenye kufuata mabadiliko ya jamii. Kwetu sisi, yapendezayo zaidi ni maneno yaliyotumika. Watetezi wa jadi walikuwa na neno tayari: guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Kulitumia neno hilo kwa utungo ambao mtunzi wake hakukusudia vina ni kuhukumu kabla ya kusikiliza. Upande mwingine ukatafuta majina yasiyo na aibu ndani yake: mashairi huru, mashairi ya kisasa, mavue, masivina. Mengine ya maneno hayo ni mazito mdomoni. Mwalimu anayetunga mtihani au afisa anayeandika muhtasari wa masomo akumbuke kwamba akichagua guni amekwisha kuingia upande mmoja wa ugomvi, hata kama alitaka tu neno fupi.

Miaka michache baada ya diwani ile, Mulokozi na Kahigi walitoa kitabu cha pili, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo nadharia ilitangulia na mashairi yakafuata. Humo walieleza ushairi kwa mpangilio wa maneno, mkato na lugha ya picha, na vina na mizani wakaviweka kuwa pambo mojawapo wala si sharti. Kitabu hiki kiliingia katika mafunzo ya walimu na kikawa msingi wa maelezo mengi ya darasani yaliyofuata. Hatujui kitabu kingine cha miaka ile kilichobadilisha msamiati wa mwalimu wa fasihi kiasi hicho.

Hapa twapaswa kusimama kidogo kwenye hadithi zake, kwa sababu zina jambo la kushangaza. Mtu aliyetoka katika nchi ya nanga, alipotaka kuandika juu ya mashujaa, alikwenda Uhehe. Tamthilia yake Mukwawa wa Uhehe ilitoka mwaka 1979. Baadaye aliwaandikia vijana hadithi tatu zenye kufuatana juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani: Ngome ya Mianzi mwaka 1990, Ngoma ya Mianzi mwaka 1991 na Moto wa Mianzi mwaka 1996. Historia yatupa sababu moja inayowezekana. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 wakiongozwa na Emin Pasha, Wakama kadhaa waliona faida katika urafiki wao, na Kahigi wa Kianja (asichanganywe na mshairi) alipanuka chini ya ulinzi wao. Huko Iringa mambo yalikuwa mengine: jeshi la Zelewski lilivunjwa Lugalo mwaka 1891, Kalenga ikaanguka mwaka 1894, na Mkwawa akafa kwa mkono wake mwaka 1898. Taifa changa lililotaka kielelezo cha upinzani lilikipata Uhehe kwa urahisi zaidi.

Msomaji wa gazeti la istilahi atakuwa amekwisha kuiona ile silabi: Mukwawa, wala si Mkwawa. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu mwaka 1930, hukata irabu ya kiambishi hicho. Lugha nyingi za bara huishika, nacho Kihaya ni mojawapo, kama jina la mwandishi mwenyewe linavyoonyesha mara mbili. Katika vitabu vya historia mazoea ni Mkwawa, na hatushauri watumishi wa serikali wayaache. Lakini katika jina la tamthilia mwandishi aliacha shujaa aitwe karibu na wanavyomwita watu wake, na jambo hilo linalingana kabisa na yale aliyoyasema juu ya ushairi.

Wakati wa kuandika mambo ya Uhehe, utafiti wake ulikuwa umerudi nyumbani. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwapo kwa epiki kama utanzu wa kawaida katika bara hili. Tayari mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamechapisha masimulizi ya Mwindo ya Wanyanga wa mashariki ya Kongo, na mwaka 1979 Isidore Okpewho akatoa kitabu kizima cha kujibu. Mulokozi alijibu kwa kwenda kuwasikiliza waimbaji wa nanga. Makala yake juu yao yalitoka mwaka 1983 katika jarida la utafiti wa fasihi za Afrika, na mwaka 1986 alikamilisha tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya tungo hizo. Nyimbo kama zile za Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha, mungu wa ziwa, zilipata kuchunguzwa kwa urefu wake, muundo wake, mashujaa wake na namna mwimbaji anavyozitunga upya kila anapoziimba. Mwaka 2002 alirudia hoja yote katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mjadala huo aliuandika kwa Kiingereza, maana wale waliokanusha waliandika kwa Kiingereza. Hatumlaumu, ila tungependa kuona mtafsiri hodari akizileta tendi za Rukiza na Kachwenyanja katika Kiswahili kwa ukamilifu wake, kutoka Kihaya moja kwa moja.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mchango wake ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1989, katika toleo la 21 la jarida la Mulika, alichapisha makala juu ya tanzu za fasihi simulizi. Alizigawa katika makundi sita: semi, mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi simulizi na ngomezi, akitazama umbile la kazi pamoja na muktadha na namna ya kuitoa mbele ya watu. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameyakariri makundi hayo bila kujua yametoka wapi. Ngomezi, yaani ujumbe unaotolewa kwa milio ya ngoma, ni neno ambalo mfasiri alilihitaji sana. Nazo tendi zimewekwa katika ushairi simulizi: tungo ndefu za ushujaa zinazoimbwa kwa kufuatana na ala, zenye kuhusu historia au visasili vya watu. Vina havikutajwa kuwa sharti. Kwa hatua hiyo nanga ilipata mahali pa kukaa ndani ya istilahi za Kiswahili.

Kwa hiyo leo tunaweza kusema hivi: utenzi ni umbo, utendi ni maudhui na upana wa utungo. Kitabu cha Mulokozi cha mwaka 1999, Tenzi Tatu za Kale, chatupa kipimo kizuri cha kujaribia tofauti hiyo. Humo mna habari za Fumo Liyongo, mna Al-Inkishafi, na mna wasia wa Mwana Kupona. Tungo hizi huhesabiwa pamoja kwa desturi ya zamani, ingawa mizani ya Al-Inkishafi si ile minane. Lakini ukiuliza ni upi kati ya hizo ulio utendi, jibu ni moja tu: wa Liyongo. Ndiye shujaa, nazo habari zake zilikuwa zikiimbwa na kusimuliwa kabla Muhamadi Kijumwa hajazitia katika beti mwaka 1913. Hivyo Liyongo wa Pate na Rukiza wa Buhaya wamekuwa ndugu wa utanzu mmoja, hali wasia wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na nyumbani kwa Liyongo na kwa beti zile zile, umebaki upande mwingine.

Tofauti hiyo ina gharama yake, na haki yadai tuitaje. Msemaji wa Kiamu ana haki ya kulalamika: kwake utendi ni jina la umbo tangu enzi za mababu, na vitabu vingi vimeandika Utendi wa Mwana Kupona. Sasa anaambiwa kwamba utendi huo si utendi. Hili ndilo jambo linalotokea lugha inapochukua tofauti ya lahaja na kuifanya tofauti ya maana. Linaleta faida kwa kuwa hatukuhitaji kukopa, na linaleta maudhi kwa kuwa tumenyang'anya watu neno. Sisi twaona faida ni kubwa kuliko maudhi, kwa sharti kwamba majina ya vitabu vya kale yaachwe kama yalivyo na mwalimu aeleze darasani. Mfasiri asiandike epiki ila pale anapozungumzia historia ya neno lenyewe la Kiyunani.

Kazi iliyoanzia kwenye nanga haikuishia kwa mashujaa wa kale. Mkoa wa Kagera, uliopata jina hilo baada ya vita vya 1978 na 1979, ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na watunzi wa huko waliuimba msiba huo kabla ya mabango ya serikali kuusema. Aldin Mutembei alizikusanya na kuzichunguza tungo za Kihaya juu ya ugonjwa huo katika tasnifu yake iliyotoka Leiden mwaka 2001, akifuatilia jinsi mafumbo ya kuutaja yalivyobadilika mwaka hata mwaka.

Limebaki neno moja ambalo bado halijatulia. Mtu anayeimba utendi kwa nanga tumwiteje? Mwimbaji ni jina pana mno, maana hata mwanakwaya ni mwimbaji. Mpiga nanga humfanya kuwa fundi wa nyuzi peke yake, na kusahau kwamba maneno ni yake. Malenga lingefaa, na kwa kumbukumbu ya mwaka 1976 lingependeza, ila siku hizi limekuwa jina la sifa kwa mshairi yeyote, hata yule asiyepata kuimba maisha yake yote. Sisi tunapendelea manju: ni neno la wenye ngoma, lamtaja mtungaji na mwimbaji kwa pamoja, na wingi wake haubadiliki. Manju wa nanga, basi, na kazi yake utendi.